Fanesi ikizima Januari: hesabu za mama mwenye nyumba Minnesota

Watu wa kwetu wanaonunua nyumba Minnesota huuliza vyumba ni vingapi, shule iko wapi, na kama jiko linatosha kupikia watu wa shughuli. Sijasikia anayeuliza fanesi ina umri gani. Mimi na baba watoto tulikuwa na bahati ya kuwa na shemeji aliyetutangulia huku. Tulipompeleka kuona nyumba ya Brooklyn Park, kaskazini ya Minneapolis, hakuingia hata sebuleni. Alishuka moja kwa moja besimenti, akafungua mlango wa bati wa mashine, akamulika kibandiko kilicho ndani. Namba ya mashine mara nyingi hubeba mwaka iliyotengenezwa. Akasema, “Shemeji, hii ni ya 2004. Ina miaka kumi tayari. Waambieni wapunguze.” Muuzaji akapunguza dola 2,000, na pesa hizo tukaziweka kando kwa jina la fanesi.

Kwa mliopo nyumbani, fanesi ni mashine ya gesi inayokaa chini ya nyumba. Huvuta hewa iliyopoa kutoka vyumbani, huipasha, kisha huirudisha kupitia njia za bati zilizofichwa kutani na chini ya sakafu. Sisi tuliozaliwa Tanga tumelelewa kulikimbia joto, kwa hiyo inachukua muda kuamini kwamba kuna mahali ambapo joto la ndani ya nyumba ndilo linaloizuia nyumba yenyewe isiharibike. Maji yakiganda hutanuka kwa karibu asilimia 9. Bomba lililo ukutani hupasuka kimya, na unakuja kujua barafu inapoyeyuka na maji yanaanza kushuka kwenye dari ya besimenti. Bima nyingi za nyumba hazilipii fanesi iliyochakaa, na hata hasara ya mabomba huenda zisilipe zikiona mwenye nyumba hakujali kuweka joto.

Usiku wa kuamkia tarehe 30 Januari 2019, Minneapolis ilifika nyuzi 33 za Selsiasi chini ya sifuri. Shule zilifungwa. Hata posta ilisitisha kugawa barua siku hiyo. Nilitoka zamu ya jioni kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi, baba watoto yuko Texas na lori lake, nikakuta themostati inasoma 59 wakati tumeiweka 68. Hizo ni Farenhaiti. Kwa hesabu ya kwetu nyumba ilikuwa kwenye nyuzi 15 na inaendelea kushuka.

Kampuni niliyoipigia kwanza ilisema kuja usiku ni dola 249 kabla fundi hajagusa kitu, na foleni ilikuwa imefika kesho yake mchana. Nikaandika kwenye kundi la WhatsApp la akina mama. Mmoja akanitumia namba ya kijana wa Kitale, amesomea ufundi wa joto na baridi kwenye chuo cha hapahapa, mchana ameajiriwa. Alipokea akiwa amelala.

“Mama, kwanza niambie, unasikia harufu ya gesi?”

“Hapana.”

“Sawa. Ukiisikia wakati wowote usiguse swichi yoyote. Chukua watoto mtoke, unipigie mkiwa nje. Sasa washa video, nipeleke chini.”

Aliniambia niisogeze simu kwenye kidirisha kidogo cha mashine, nipandishe themostati, halafu tutazame wote. Yale niliyoyaona usiku ule yamenisaidia kuliko maelezo yote niliyowahi kusoma, kwa sababu fanesi ya gesi hufuata utaratibu uleule kila inapowaka, na inapokwama hukwama mahali pamoja unapoweza kupataja.

Kwanza feni ndogo ilianza kunguruma. Kazi yake ni kuvuta moshi utoke nje. Swichi yenye mpira wa hewa ikathibitisha kwamba moshi una njia. Bila hiyo hakuna kinachoendelea. Kiwashio kikaiva kikawa chekundu, kisha kikang’aa. Vali ya gesi ikalia “tak”, miali ya buluu ikajipanga. Halafu, kabla feni kubwa ya kupuliza haijaanza, moto ukakatika. Mashine ikapumzika, ikaanza upya, ukakatika tena. Baada ya majaribio kadhaa ilijifunga yenyewe, na taa ndogo kwenye bodi ya umeme ikaanza kukonyeza. Kijana akaniambia nihesabu mkonyezo, kisha nisome jedwali lililobandikwa nyuma ya mlango wa bati.

“Ni sensa ya moto,” akasema. “Nakuja.”

Sensa hiyo ni kijiti cha chuma kinachosimama ndani ya mwali. Moto hupitisha umeme kidogo mno, wa kupimwa kwa sehemu za milioni za ampea moja, na bodi ikiuona inajua kwamba gesi iliyofunguliwa inaungua kweli. Kijiti kikishika ukoko umeme haupiti. Bodi haiwezi kutofautisha kijiti kichafu na gesi inayomwagika bila kuungua, kwa hiyo hufunga vali ndani ya sekunde chache. Kijana alizima umeme na gesi, akafungua skrubu moja, akakisugua kijiti kwa steli wuli laini, akakirudisha. Nyumba ikaanza kupata joto. Nilimlipa dola 120 na chupa ya chai ya tangawizi. Kijiti kipya, kama kingehitajika, ni kama dola 20.

Sitasema kwamba ile kampuni ya 249 ni wezi. Mtu anayeacha kitanda usiku wa namna ile, akaendesha gari kwenye barafu, akaja na vipuri kwenye gari lake na bima yake ya kazi, anastahili pesa yake. Ninachosema ni kwamba bei ya fanesi huamuliwa na tarehe kuliko inavyoamuliwa na kifaa. Kazi ileile iliyofanywa Septemba, fundi akiwa amekuja kwa ukaguzi wa mwaka, inaingia ndani ya dola 100 hadi 150 za ukaguzi wenyewe, na hakuna anayekimbizana na mabomba.

Kwa uzoefu wangu na wa wenzangu wa Twin Cities, yaani Minneapolis na Saint Paul, bei zilivyo ni hivi. Fundi kufika mchana wa siku ya kazi ni dola 90 hadi 180. Usiku na sikukuu, zidisha mara mbili bila kubishana. Kiwashio, ambacho dukani unakipata kwa dola 30 au 50, kikifungwa na kampuni kinafika 200 hadi 350. Feni ya moshi ni kati ya 500 na 1,000. Bodi ya umeme vilevile. Mota ya feni kubwa ikiwa ya kizamani unaweza kutoka na 500, ikiwa ya kisasa inayobadili mwendo inaweza kuvuka 1,500. Kibadilisha joto, yaani yale masanduku ya chuma ambamo moto hupita ndani na hewa ya nyumba hupita nje yake, ni 1,500 kwenda juu, na hapo wengi huachana na mashine yote.

Lakini kabla ya kulipa mtu kufika, kuna mambo ya kutazama ambayo ni bure. Betri za themostati. Breka. Swichi iliyo ubavuni mwa fanesi, ambayo inafanana kabisa na swichi ya taa na watoto huizima wakidhani wanazima taa ya besimenti. Mlango wa bati: usipokaa sawasawa kuna kitufe nyuma yake kinachokata umeme. Kama mashine ni ya aina inayotoa moshi kwa mabomba meupe ya plastiki ubavuni mwa nyumba, tazama kama theluji haijayafunika. Rafiki yangu wa Bujumbura alilipa dola 160 fundi aje aifagie theluji kwa mkono wake, na hakuna kingine alichofanya.

Na chujio. Hapa nitakaa kidogo, maana nyumba zetu si nyumba ambazo watengenezaji walizifikiria walipoandika “badilisha kila miezi mitatu.” Nyumba inayokaanga samaki na maandazi, inayofukiza udi na ubani kila Ijumaa, huziba chujio mapema kuliko ya jirani anayekula saladi. Langu naliangalia kila mwezi. Nikilishika juu ya taa na mwanga haupiti, limekwisha. Chujio likiziba hewa haipiti ya kutosha juu ya kibadilisha joto, chuma kinapata moto kupita kiasi, swichi ya usalama inakata, kinapoa, inawaka, inakata. Ukiacha hivyo misimu miwili mitatu, chuma kinachotanuka na kusinyaa namna hiyo huja kupata ufa. Nimeona pia watu wananunua chujio ghali sana lenye kusafisha kila vumbi, la kiwango kinachoitwa MERV 13, na kuliweka kwenye fanesi ya zamani yenye nafasi ya inchi moja tu. Mashine inahema. Muulize fundi wako kwanza, na uangalie mshale: unatakiwa uelekee kwenye fanesi.

Fanesi yetu ilivuka baridi kadhaa nyingine kwa ukaguzi na usafi tu. Majira ya baridi ya 2022, ikiwa na miaka 18, feni ya moshi ikaanza kulia kwa chuma. Kijana wa Kitale alikuwa amehamia Dakota Kaskazini, nikaita kampuni nyingine, ambayo haina haja ya kutajwa. Fundi alikaa chini kwa muda mfupi, akapanda na karatasi nyekundu mkononi. Akasema kibadilisha joto kina ufa, gesi ya sumu inaweza kuingia vyumbani, amefunga gesi, na hawezi kuifungua. Baada ya hapo akatoa kishikwambi, kikaonyesha fanesi mpya kwa dola 9,800. Bei ya leo tu.

Ufa wa kibadilisha joto ni jambo la kweli. Kaboni monoksidi haina rangi wala harufu. Inaanza na kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, na mtu anadhani ana mafua mpaka analala asiamke. Minnesota sheria inataka king’ora cha gesi hiyo kiwepo ndani ya futi 10 za kila chumba cha kulala. Kwa hiyo sikumwambia anaongopa. Nilimwomba picha ya ufa. Akasema uko mahali pabaya kupigika picha. Nikamwomba vipimo vya kaboni monoksidi alivyovipata kwenye moshi na kwenye hewa ya vyumbani. Hakuwa amepima. Nikamshukuru, nikalipa dola 129 za kufika, gesi nikaiacha imefungwa.

Kukaa bila fanesi ukisubiri mtu wa pili kunahitaji mpango. Hita ndogo ya umeme ya wati 1,500 hutoa kama BTU 5,100 kwa saa; BTU ni kipimo cha joto kinachotumika huku. Fanesi yetu ilikuwa inatoa 80,000. Maana yake ningehitaji hita zaidi ya kumi na tano kuilingana, na umeme wa nyumba usingezibeba: saketi ya ampea 15 hapa Marekani haivuki wati 1,800, hivyo ni hita moja kwa saketi, imechomekwa ukutani moja kwa moja, bila waya wa kuongezea. Tulikuwa na mbili. Tulihamia sote sebuleni, tukafunga milango ya vyumba, tukafungua makabati ya chini ya sinki jikoni ili hewa ya ndani iyafikie mabomba ya ukuta wa nje, na bomba tukaliacha likidondosha uzi mwembamba wa maji. Nilijua pia mahali vali kuu ya maji ilipo. Kila mtu mzima katika nyumba anatakiwa aijue.

Jambo moja niliseme waziwazi kwa ndugu zangu waliofika juzi kutoka kambini Nyarugusu au Kakuma: usiingize jiko la mkaa ndani ya nyumba, hata dirisha likiwa wazi. Kwetu tunazijua habari za watu wa Lushoto au Limuru waliolala na jiko siku za baridi wasiamke, na zile nyumba zilikuwa na nyufa. Nyumba za huku zimezibwa kila upenyo. Oveni ya gesi kuachwa wazi ili kupasha chumba, nayo ni hatari ileile.

Fundi wa pili alikuja kesho yake, mzee wa Kimarekani anayefanya kazi peke yake. Aliingiza kamera yenye shingo ndefu, akanionyesha kwenye simu yake kila sanduku: kutu ipo, ufa hakuna. Akafungua gesi, akawasha, akapima moshi, akapima hewa ya vyumbani. Akaniandikia namba zote kwenye karatasi. Feni ya moshi akaibadilisha kwa dola 620. Alipokuwa anafungasha vyombo akanieleza kwa upole kwamba kutu ile haitarudi nyuma, nijipange kununua kabla ya baridi mbili.

Kuna hesabu mafundi wanapenda kuitaja: zidisha umri wa mashine kwa bei ya tengenezo, ikivuka 5,000 nunua mpya. Kwa feni ya moshi yetu, 18 mara 620 ni zaidi ya 11,000, yaani ningetakiwa kununua siku ileile. Sikuifuata. Ile dola 620 ilininunulia baridi nzima ya kutafuta bei kwa utulivu, na tofauti kati ya bei ya Januari na bei niliyokuja kuipata Septemba ilikuwa kubwa kuliko 620. Hesabu hiyo pia inakuambia uitupe mashine ya miaka 26 kwa sababu ya kiwashio cha dola 200, jambo ambalo halina akili kama kibadilisha joto ni kizima. Ninachoulizia mimi ni kipi kimeharibika. Kiwashio, sensa, swichi, hata feni: tengeneza. Kibadilisha joto kilichothibitishwa kwa picha, au bodi na mota kwa pamoja kwenye mashine iliyovuka miaka 15: acha kuilisha pesa.

Septemba 2023 nikaita makampuni matatu. Majibu yao yalinishangaza, si kwa bei, kwa maswali. Mmoja alitazama kibandiko cha mashine ya zamani, akaandika ukubwa uleule, BTU 100,000, akaondoka. Wa pili naye hivyohivyo. Wa tatu alipima madirisha, akapanda darini kutazama sufi ya kuzuia baridi, akauliza kuta zina nini ndani, akaenda kupiga hesabu. Alirudi na 60,000.

Nilidhani amekosea. Akanieleza kwamba mashine ya zamani ilikuwa inachoma BTU 100,000 lakini asilimia 80 tu ndiyo inayoingia nyumbani, na aliyeifunga mwanzoni aliizidisha. Tangu hapo dari iliongezwa sufi. Mpya ya asilimia 96 ikichoma 60,000 inaingiza 57,600, na nyumba kwa baridi kali ya hapa inahitaji kama 48,000. Mashine kubwa kupita kiasi huwaka kwa dakika chache, inazima, inawaka tena, na kuwaka na kuzima huko ndiko kunakochosha vifaa. Hivi sasa nje ikiwa nyuzi 30 chini ya sifuri fanesi yetu huunguruma karibu bila kukoma, na mama mkwe alipotutembelea alidhani imeharibika. Ndivyo inavyotakiwa.

Kuhusu hiyo asilimia 96, wauzaji huipigia debe sana. Kutoka 80 kwenda 96 gesi inapungua kwa karibu asilimia 17. Kama unatumia dola 900 za gesi kwa joto kwa mwaka, unaokoa kama 150. Tofauti ya bei ikiwa 1,500, inakuchukua miaka kumi kuirudisha. Kwa baridi ya Minnesota na kwa mtu anayekusudia kukaa, inafaa. Kwa anayefikiri kuuza nyumba baada ya miaka mitatu, sioni haraka ya nini.

Na kuna gharama ambayo wawili kati ya watatu hawakuitaja. Fanesi ya zamani na tangi la kuchemshia maji vilikuwa vinatumia bomba moja la moshi linalopanda kwenye dohani ya matofali. Fanesi mpya hutoa moshi uliopoa, kwa bomba la plastiki linalotokea ubavuni. Tangi la maji linabaki peke yake kwenye dohani pana, kama mtoto aliyevaa kanzu ya babake. Moshi wake mchache unapoa kabla ya kufika juu, unageuka maji yanayokula matofali, au unarudi chini besimenti na sumu yake. Dawa ni kuteremsha bomba jembamba la chuma ndani ya dohani. Aliyetoa bei ya chini kabisa, dola 5,200, hakuwa ameliweka. Aliyepima madirisha aliliweka, pamoja na kibali cha mji na ukaguzi wake, kwa dola 6,400. Nikamchukua yeye. Kibali nakitilia mkazo: kazi ndogo kijana wa WhatsApp anaweza kuja, lakini kufunga fanesi mpya bila kibali ni kutafuta mgogoro na bima na atakayekuja kununua nyumba.

Makampuni yote yalitaka kunikopesha. Tangazo linasema miezi 18 bila riba. Soma maandishi madogo: nyingi za aina hiyo riba imeahirishwa tu, ukibakiza hata dola 50 siku ya mwisho wanaihesabu kutoka siku ya kwanza. Mimi riba naikwepa kwa sababu za dini kwanza. Zile dola 2,000 za shemeji zilikuwepo bado, na zamu yangu kwenye mchezo wa akina mama, yaani upatu wetu, niliomba isogezwe iangukie Agosti. Wenzangu walikubali; wawili kati yao walikuwa wameshabadilisha fanesi kwa mchezo huohuo. Nafuu ya kodi ya serikali kuu kwa mashine za aina hii, iliyokuwa inafika dola 600 kwa fanesi za gesi za kiwango cha juu kabisa, imeondolewa kwa zinazofungwa baada ya mwisho wa 2025, kwa hiyo muuzaji akikutajia, mwambie akuonyeshe imeandikwa wapi.

Wasio na mchezo wala akiba wasikae na baridi kwa aibu. Minnesota ina mpango wa msaada wa nishati kwa kaya ambazo kipato chao hakizidi nusu ya kipato cha kati cha jimbo. Si mkopo. Watu wengi wanajua mpango huo hulipia bili. Wachache wanajua kwamba mwenye nyumba anayestahili anaweza kutengenezewa fanesi au hata kubadilishiwa kupitia mpango huo. Wapangaji pia huombea bili. Bili ikikushinda, kuanzia tarehe 1 Oktoba hadi 30 Aprili kuna kanuni inayokukinga usikatiwe joto, ila haijiendeshi: lazima upige simu kwenye kampuni, mkubaliane utalipa kiasi gani kwa mwezi, na ukilipe. Na kwa aliyepanga, tangu tarehe 1 Januari 2024 sheria ya jimbo inamtaka mwenye nyumba atoe joto lisilopungua nyuzi 68 za Farenhaiti katika miezi hiyohiyo. Fanesi ya nyumba uliyopanga si jukumu lako kuitengeneza. Nimekutana na familia ya Kikongo iliyomlipa fundi kutoka mfukoni kwa kuogopa kumsumbua mwenye nyumba. Andika ujumbe, weka tarehe, piga picha ya themostati.

Swali ninaloulizwa sana ni kama inafaa kulipia ule mpango wa matengenezo wa kila mwezi, dola 20 au 30 zinazoingizwa kwenye bili. Soma kwanza ni vipuri gani wamevitenga. Mara nyingi kibadilisha joto hakimo. Kwa mashine ya miaka 12 hadi 18, ya mtu ambaye dola 700 za ghafla zitamzuia kulipa nyumba, mimi nasema lipia. Kwa yetu mpya silipii. Fundi aliisajili kwa mtengenezaji wiki ileile, na usajili huo ndio unaotoa dhamana ya vipuri ya miaka 10. Bila kusajili ingekuwa 5. Kazi ya mkono haimo, kwa hiyo naweka dola 25 kila mwezi kwenye akaunti ileile ya zamani, na Septemba natoa za ukaguzi.